Chokaa au Rangi: Meko ya Mzee Mabula wa Kisesa

Mwagieni tofali maji kwanza. Kabla hamjafungua kopo, kabla hamjataja bei, kabla hata ya kupokea chai ya mwenye nyumba, chukueni kikombe cha maji mlimwagie tofali, halafu nyamazeni mtazame. Likiyanywa maji yale papo hapo, chokaa italishika. Maji yakiteleza na kudondoka sakafuni, kuna kitu kimeliziba, pengine rangi ya zamani, pengine mafuta, na hapo ukipaka chokaa utakuwa unaipaka hewani. Nimeanza na hilo kwa sababu wengi wenu mafundi vijana mkija kuniamkia hapa Mkuyuni mnaniuliza swali moja tu, "Bibi, chokaa au rangi?", tena mnataka nijibu kabla sijakaa vizuri. Kaliulizeni tofali. Mimi nimestaafu.

Mnaonijua mnaniita Bibi Fundi. Kwa ajili ya wageni, mimi ni Nyamisi, mama yake Masatu, mtu wa Majita kule Mara, mpaka rangi wa Mwanza tangu nikiwa na kiuno chembamba. Nimepaka maduka, makanisa, madarasa, mabweni na gesti ambazo sitazitaja. Kila nilipofika kwenye kazi mpya nilikaribishwa vizuri, nikapewa kiti, kisha mwenye nyumba akachungulia barabarani nyuma yangu na kuuliza, "Na fundi anakuja saa ngapi?" Nilikuwa nawajibu kwamba fundi ameshafika, anangoja chai. Wengine walicheka, wengine waliona haya, na mmoja alitoka nje kabisa kwenda kumtafuta huyo fundi. Nilipaka nusu ya ukuta kabla hajarudi.

Kazi hii sikuianzia kwenye kopo. Kwetu kusiriba nyumba ni kazi ya wanawake, na bibi yangu alikuwa hamwachii mtu ukuta wake. Alichanganya udongo na majivu, akaweka samadi kidogo, akapaka kwa kiganja, na juu yake akapitisha udongo mweupe tuliouchimba karibu na ziwa. Wageni wa heshima wakitarajiwa, nyumba ilisiribwa upya. Hakuna binti wa kwetu aliyepokelewa wakwe kwenye ukuta wenye nyufa wakati bibi yule yuko hai. Nilipoolewa nikaja Mwanza, chumba chetu cha kupanga kilikuwa na ukuta unaomeguka kama mkate mkavu, nami nikausiriba nilivyofundishwa. Fundi Magesa, aliyekuwa akipaka duka la jirani, akaja kuukagua kwa kidole. Akaniuliza kama naogopa ngazi. Nikasema naogopa njaa zaidi. Kesho yake nilikuwa juu ya ngazi.

Magesa ndiye aliyenifundisha chokaa. Siku hizo haikuja kwenye mifuko mizuri ya unga kama mnayonunua nyie. Ilikuja mawe mawe, tukaitia ndani ya pipa la maji, nayo ikachemka yenyewe bila moto, ikirusha matone kila upande. Tuliifunika na kuiacha ipoe mpaka itulie, kisha tukaichuja kwa kipande cha chandarua kikuukuu. "Ukiiharakisha itakubabua," alikuwa akisema, na mikono yake ilikuwa ushahidi. Hata hiyo ya mifuko ni kali. Vaeni glavu, na ikiwaingia machoni msisugue, naweni maji mengi mara moja. Nawaona mkichanganya kwa mikono mitupu huku mnapiga picha, na moyo wangu unaniuma.

Lakini hata Magesa alikuwa na siku zake. Aliamini sana chumvi. Chumvi kidogo husaidia chokaa ishike, hilo ni kweli, ila yeye aliiweka kwa moyo mkunjufu. Tulipewa kazi ya nyumba za walimu huko ndani ya Magu, katikati ya wafugaji, na kwa sababu mawingu yalikuwa yametanda, Magesa akaongeza chumvi juu ya chumvi ili mvua isituharibie. Tulipaka kutwa nzima, tukalala tukijisifu. Asubuhi mwalimu mkuu akatuita. Kuta zilikuwa nyeupe kwa juu, na kwa chini, mpaka pale ulimi wa ng'ombe unapofika, tofali lilikuwa tupu linang'aa kwa mate. Ng'ombe mmoja bado alikuwa kwenye kona anamalizia. Mwalimu mkuu alishika kiuno. Magesa akavua kofia, akamwambia, "Mwalimu, mabaya yote yana mwisho. Hawa wameshashiba." Tulirudia kazi yote, na chumvi safari hiyo niliishika mimi.

Na msije mkasema Bibi Fundi anachukia rangi. Rangi imenisomeshea watoto. Ila kila kitu na mahali pake. Kuna bwana mmoja mwenye baa hapahapa Mkuyuni, jina lake nalimeza, aliyekuwa na jiko la matofali la kuchomea nyama. Siku moja alimpa mtu alipake rangi ya mafuta, nyekundu ya kung'aa, lipendeze. Lilipendeza kweli, mpaka lilipowashwa. Rangi ikavimba malengelenge, ikabanduka, ikatoa harufu ambayo ilikaa kwenye mbuzi choma kwa wiki kadhaa. Wateja walikuwa wakiagiza kwa utani: "Tuletee kilo moja, iliyokolea nyekundu." Yule bwana alihama kwenye mbuzi akaenda kwenye supu.

Basi sasa niwaambie ya Kisesa, kwa sababu ndiyo kazi iliyonipa jibu la swali lenu, na ndiyo kazi niliyoifurahia kuliko zote.

Mzee Mabula alikuwa dereva wa lori katika mashamba ya chai huko Mufindi, kwenye baridi ya kusini, karibu maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu akarudi kwao Kisesa, akajenga nyumba nzuri ya tofali za kuchoma, na sebuleni akajenga meko ya kuotea moto. Namaanisha meko ya ukutani ile ya wazungu, yenye mdomo mpana wa matofali na bomba la moshi linalopanda mpaka juu ya paa. Kisesa! Mahali ambapo saa nane mchana hata kuku wanahama na kivuli. Watu walikuja kuitazama. Wengine waliuliza kama ataoka mikate. Wengine walisema mzee amerudi na ugonjwa wa baridi. Yeye hakumweleza mtu, alicheka tu na kuipangusa vumbi. Mkewe, Mama Kabula, akiulizwa alisema, "Mwulizeni mwenyewe," akaenda zake jikoni.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Kabula, anayefanya kazi ofisini Dodoma. Alikuwa amepata mchumba, kijana wa Sengerema, na siku ya wakwe kuja kulipa mahari ilikuwa imekaribia. Kabula akaja nyumbani na kopo la rangi nyeupe ya kung'aa na picha kwenye simu. Katika picha ile meko ilikuwa nyeupe kama sahani. Ya baba yake ilikuwa imefifia, imekuwa na weusi wa moshi na madoadoa ya kahawia, na ndiyo iliyokuwa ikitazamana na makochi watakayokaa wageni. Akanipigia simu.

Nilipofika niliamkiana nao wote, nikakuta baba na binti wamenuniana. Kabula alikuwa amesimama na kopo lake, mzee amekaa mbele ya meko kama anayelinda benki.

"Shikamoo mama," Kabula akasema. "Naomba unisaidie kumwelewesha baba. Wageni watakaa hapa. Hivi mtu na akili zake atapokea wakwe mbele ya matofali meusi?"

"Mimi sikatai yasafishwe," mzee akasema, na rangi kwake ilikuwa langi. "Nakataa langi. Ukishaipaka langi hiyo, haiwashwi tena moto. Inakuwa pambo."

"Baba, si ni pambo tayari? Tangu lini umewasha?"

"Dada Nyamisi," akanigeukia mimi, "mwambie huyu mtoto. Wakipaka langi ile, wakwe watawapokea wenyewe. Mimi nitakuwa kwa ng'ombe."

Sasa mnaojua mila mnaelewa uzito wake. Baba mzazi yuko hai, yuko nyumbani, halafu wakwe wanakuja anakwenda kukaa zizini? Wale wageni wangegeuza magari. Mama Kabula, aliyekuwa akitucheka kutoka mlangoni, aliacha. Kabula aliweka kopo chini, macho yamemjaa machozi, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, kwani hii meko ina nini kunishinda mimi?" Mzee akatazama pembeni. "Ina matofali," akasema.

Nikaona hapa maneno hayatatosha. Nikaomba kikombe cha maji.

Nilimwagia tofali la juu, maji yakanywewa. Nikamwagia la pembeni ya mdomo, maji yakaviringika na kudondoka kama kwenye jani la magimbi. Nikasogeza pua. Nimezaliwa ziwani mimi, nimekua kwenye vichanja vya kukaushia samaki, na pua yangu haijawahi kunidanganya kwenye jambo hilo. Nilichonusa nikakiweka moyoni. Nilipaka kiraka kidogo cha chokaa upande wa kushoto na kiraka cha rangi ya Kabula upande wa kulia, nikawaambia tutaona kesho.

Kesho yake viraka vyote viwili vilikuwa vimepata umanjano, kama shuka lililomwagikiwa mchuzi. Nikawasha vijiti vichache ndani ya meko. Tofali zilipopata joto, sebule nzima ikanuka sangara wa kubanika.

"Nani anabanika samaki humu?" nikauliza.

Mzee akajikuna shingo. "Labda panya," akasema.

"Panya wa kula samaki nawajua. Wa kubanika, huyo ni wa kwanza."

Mama Kabula akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakaanza kumtikisika. "Mimi kidogo tu," akasema kutoka ndani ya kanga, "siku mzee anapokwenda mnadani. Jiko la nje linanipa moshi machoni, na hili bomba lake linavuta vizuri."

Mzee akaruka kwenye kiti. "Kumbe ni wewe! Na mimi nilikuwa nasema mbona harufu yangu haiishi!"

"Harufu yako?"

"Si nabanika siku zako za kwaya! Unanikataza mafuta ya sangara, daktari kasema, daktari kasema. Nikadhani nikikaa siku mbili harufu itaondoka, kila nikirudi naikuta mbichi!"

Kabula alikaa chini sakafuni. Alicheka mpaka akashindwa kupumua, anapiga sakafu kwa kiganja. "Kwa hiyo nyie wawili mmekuwa mkifichana samaki kwenye meko moja?" Mama yake alicheka, mzee alicheka, na mimi nilishikilia ukuta nisianguke. Mafuta ya miaka yote ile yalikuwa yamezama kwenye tofali, na mimi ni fundi niliyeona mengi, lakini meko ya wazungu iliyogeuzwa kichanja cha samaki na mume na mke bila kuambiana sijaiona popote isipokuwa huku kwetu. Nilifurahi kuwa hai siku ile.

Furaha ile ilinirahisishia kazi. Niliwaambia kwamba chokaa na rangi vyote vitakataa mpaka mafuta yatoke, na mikono yangu peke yangu haitoshi. Hapa sikilizeni vizuri, maana watu wengi hukimbilia petroli, na petroli na meko havikai nyumba moja. Chemsheni maji, tieni magadi, haya haya ya kwenye mlenda, ila mengi. Sugueni kwa brashi ngumu ya kufulia. Msitumie ya waya, inakwangua ngozi ya tofali. Suuzeni kwa maji safi. Rudieni. Maji ya kwanza yalitoka ya kahawia na povu juu yake, maana magadi yakikutana na mafuta ni kama kutengeneza sabuni. Kabula alikunja suruali yake ya Dodoma, akapiga magoti karibu na baba yake. Walisugua tofali kwa tofali, hawaongei sana, lakini walipokezana ndoo.

Mafuta yaliyozama zaidi hayakutoka kwa kusugua. Hapo nikamkumbuka bibi yangu. Nilimwomba Mama Kabula majivu ya jikoni, nikayakanda na udongo wa mfinyanzi mpaka yakawa mazito, na sisi wanawake watatu tukaisiriba meko yote kwa viganja, nene kama ukuta wa Majita. Udongo ule ukikauka unanyonya mafuta kutoka ndani. Kabula alirudi nyuma akaitazama, tope mikononi mpaka kwenye viwiko.

"Mama, tulikuwa na meko chafu," akasema. "Sasa tuna kichuguu."

Mzee Mabula hakucheka safari hiyo. Alikuwa anawatazama mkewe na bintiye na mikono yao ya udongo, na niliona ameguswa na kitu. Udongo ulipokauka tukaubandua, chini yake tofali zimerudi na wekundu wake. Nikamwagia maji pale pembeni. Yakanywewa. Mzee akaniomba kikombe, akamwagia na yeye, akamwagia tena mahali pengine, mpaka Mama Kabula akamwambia ziwa litakauka.

Nikarudia viraka viwili, chokaa kushoto, rangi kulia. Vilipokauka tukawasha moto wa kweli. Kiraka cha chokaa kilikaa vilevile. Cha rangi kilianza kunuka, kisha kikavimba, na Kabula mwenyewe akakibonyeza kwa ukucha, kikapasuka. "Basi," akasema. "Tuipake chokaa." Mzee alifungua mdomo kutaka kusema, mkewe akamkata jicho, naye akaufunga. Huo nao ni ufundi.

Hili ndilo jibu langu basi. Kama meko haitawashwa kamwe, au kama ilishapakwa rangi zamani, paka rangi, ya maji kuliko ya mafuta, na uwe na amani. Ukiona tofali lenyewe lipo wazi, na kuna mtu katika nyumba ile anayetaka moto siku moja, hata kama hasemi kwa nini, paka chokaa. Na ndani kabisa panapowaka, usipake chochote.

Nililowesha tofali zote kwanza. Chokaa haipakwi kwenye tofali kavu, tofali litainyonya maji haraka nayo itapukutika kama unga. Niliichanganya nyepesi, nyepesi kama maziwa yaliyotiwa maji na mwuzaji asiye na haya, chumvi kidogo sana, maana sikutaka ng'ombe wa mzee waingie sebuleni. Kabula akanionyesha tena ile simu yake. Kulikuwa na picha nyingine, ambapo mtu alipaka chokaa halafu akaifuta hapa na pale kwa tambara bichi, tofali likachungulia. "Mama, tukifanya hivi baba si ataona matofali yake?" Hilo Magesa hakunifundisha. Nilimpa tambara, nikamwambia afute yeye anapopapenda. Alifuta kwa makini, ulimi nje, mama yake akimwelekeza kutoka kwenye kochi kama kocha.

Tulipomaliza ilikuwa jioni, na wakwe walikuwa wanakuja kesho. Kabula akasimama mlangoni kuitazama kazi. Meko ilikuwa kama imemwagiwa maji machafu tu. Hakuna weupe wowote.

"Haijashika," akasema. "Mama, haijashika. Wanakuja kesho."

Nilimwambia chokaa ikiwa mbichi haionekani, inakuja yenyewe inapokauka. Hakuniamini. Simlaumu, hata mimi mara ya kwanza nilimwambia Magesa ameniuzia maji. Kabula alikwenda chumbani na mama yake akamfuata. Mzee Mabula alibaki amekaa, kidevu mikononi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, itakuja kweli?" Nikamwambia itakuja. Akatikisa kichwa akasema, "Nisingependa alie tena kwa ajili ya hii meko."

Nililala kwao siku ile. Asubuhi niliamshwa na kigelegele cha Mama Kabula. Meko ilikuwa imekuja, weupe mtulivu usiong'aa, na katikati ya weupe ule, pale Kabula alipopitisha tambara, wekundu wa tofali ulionekana, kidogo hapa, kidogo pale. Kabula alikuwa ameishika kwa viganja vyote viwili, bado yuko na kitenge cha kulalia. Ilikuwa kazi nzuri. Nasema mwenyewe, kwa sababu ni kweli.

Wakwe wakaja mapema. Zamani mtu wa Sengerema, ng'ambo ya ziwa, alikuwa na kisingizio cha kivuko pale Kigongo, ukimngoja saa nne anafika saa nane. Daraja jipya limemaliza hayo. Tulikuwa bado tunafagia tukasikia magari. Mshenga wao alikuwa bwana mnene mwenye suti nzito ya kijivu, mzungumzaji hodari, ameongoza wazee na akina mama wenye vitenge sare. Tukawapigia vigelegele, wakaingia sebuleni, na huko ndani tukamkuta Mzee Mabula. Hakuwa kwa ng'ombe. Alikuwa amechuchumaa mbele ya meko kwa suruali yake ya kanisani, anapuliza moto.

Aliwasha moto mkubwa, wa magogo ya mkaratusi. Nje jua lilikuwa limepanda. Milango na madirisha vilikuwa wazi na havikusaidia kitu. Wageni walikaa, wakaamkiana nasi, wakasifia meko nyeupe, wakaanza kutoka jasho. Mama Kabula alinitazama, nikamtazama. Akina mama wa Sengerema walijipepea na mikoba. Mshenga alianza maneno yake ya kuomba binti, akafika katikati, akafuta shingo, akaendelea, akafuta tena. Mwishowe alivua koti lake akalilaza kwenye goti.

"Mzee wetu," akasema kwa adabu zote, "binti tumempenda. Nyumba tumeipenda, na hii meko hatujaona mfano wake. Tunaomba jambo moja tu kabla ya mengine. Mtuzimie moto."

Watu walicheka. Kabula alijificha uso. Mzee Mabula alisimama, akashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Nitazima," akasema. "Ila kwanza niseme kidogo. Huyu binti alizaliwa Mufindi, wakati wa baridi kali. Alizaliwa kabla ya siku zake. Alikuwa mdogo hata kilio hakisikiki. Muuguzi alituambia, huyu akipatwa na baridi hamtakuwa naye. Nyumba tuliyopewa ilikuwa na meko ya matofali. Basi mama yake alikaa upande mmoja, mimi upande mwingine, yeye katikati yetu kwenye blanketi. Tulitia kuni mpaka msimu ule wa baridi ukaisha. Sikumwambia, maana mtoto haambiwi kwamba alikaribia kuondoka. Nilisema nikijenga kwangu, hata kama ni Kisesa, moto ule nitaujengea mahali pake." Akawageukia wakwe. "Leo mnamchukua. Nilitaka mumchukue akiwa na joto."

Kabula aliinuka kwenye mkeka wake, akaenda akamkumbatia baba yake mbele za watu wote, jambo ambalo huku kwetu halifanyiki mbele ya wakwe, na hakuna mkwe aliyelalamika. Mimi nililia wazi wazi. Mama Kabula hakulia, alicheka kwa furaha huku anapangusa uso kwa kanga, jasho na machozi pamoja.

Yule mshenga alikohoa. Akachukua koti lake kutoka gotini, akalivaa tena, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu, akakaa wima kwenye kochi.

"Mzee," akasema, "ongeza kuni."